Duka la vitu vya kale Ngamiani: nimepata kioo cha mgongo wa kauri

Kazi yangu ni kupamba mabibi harusi hapa Tanga. Mwaka wa sita huu nakusanya seti za kujipambia za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria: kioo cha mkono, brashi na kitana, migongo yake kauri yenye maua. Mtu wa Pwani hafundishwi kupenda kauri. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na vidaka vya kupangia sahani na bakuli, na Tongoni vyombo vilipachikwa hadi makaburini. Basi nikisikia kuna kauri mahali, sikai.

Duka halina kibao. Liko Ngamiani, chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida: redio za mbao, kandili, vyerehani, masanduku ya njumu. Nenda mapema, kwani ndani taa ni hafifu. Mzee mwenye duka hana ubaya ukiomba kutoka na kitu barazani ukakitazame juani. Hilo pekee linanirudisha kwake. Duka jingine nililowahi kununua walikataa hata nisigeuze kioo, nami kwa aibu nikalipa. Nilipofika nyumbani nikakuta kauri imegundishwa kwa gundi mpya.

Kwanza alinionyesha seti ya rangi ya dhahabu, mgongoni bwana na bibi wako bustanini. "Hii ya Victoria kabisa, mwanangu." Nikatoa lenzi yangu ya fundi saa: picha nzima vidoti vidoti, maana yake imechapwa, haikuchorwa kwa mkono. Kwenye mpini pameandikwa "Made in England". Hapo nikajua. Ni sheria ya Marekani ya 1890 iliyolazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na maneno hayo mawili ya mwanzo yalizoeleka zaidi karne ya 20. Malkia alifariki Januari 1901. Nilimweleza, akasikiliza vizuri, akashusha bei. Sikuichukua. Kwa habari ya umri wa vitu, mzee huyu msimtegemee. Tegemeeni macho yenu.

Ya pili ilikuwa ndani ya kanga kuukuu, nyeusi tii. Nikaisugua kidogo kwa ncha ya mtandio, mihuri ikajitokeza: simba anayetembea, ndiyo alama ya fedha halisi, sehemu 925 kwa 1000, nanga, alama ya Birmingham, mji wa Uingereza fedha hiyo ilikopimwa, na herufi ya mwaka. Ingekuwa ya Sheffield ningeona taji. Kichwa cha Malkia hakikuwepo, na kichwa hicho, muhuri wa kuonyesha ushuru umelipwa, kiliacha kugongwa 1890 ushuru wa fedha ulipofutwa, kwa hiyo ni ya baada ya hapo. Herufi nililinganisha usiku na jedwali: 1898. Mawaridi yamechorwa kwa mkono. Ukipitisha kidole unahisi rangi imeinuka, na kila jani lina mkwaruzo wake wa brashi. Kauri ina ufa mmoja mwembamba kama unywele, upande wa chini. Nimeupenda hivyo hivyo.

Nilipoinyoshea mkono brashi, mzee akanizuia. "Ngoja, mwanangu. Manyoya hayo ni ya nguruwe. Nakwambia kabla hujaishika." Na kweli, brashi nyingi za Waingereza wa zama zile zilitiwa manyoya ya nguruwe. Angeweza kunyamaza, auze, nami nikaenda kuchana nazo nywele za binti wa watu siku ya nikaha yake. Nilishukuru hadi nikakosa la kusema. Seti sikutaka kuivunja, nikachukua vyote vitatu kwa shilingi 260,000 kutoka 350,000. Brashi imefungwa plastiki, inakaa kabatini peke yake. Kioo na kitana ndivyo naenda navyo kazini.

Lawama yangu moja ni kubwa. Mzee huosha kila kitu kwa maji, limau na majivu. Fedha inang'aa, lakini maji yanapenya pembeni mwa kioo, yanakula ile rangi ya fedha ya nyuma, ndipo madoa meusi yanapotokea. Hewa yetu ya chumvi inatosha kuharibu, haihitaji msaada. Mbao iliyo chini ya kauri nayo ikilowa inavimba, na kauri inapasuka. Kitambaa kikavu kinatosha, na mchakato wa kung'arisha fedha ufanywe mbali na kauri.

Nilimwambia kwa heshima. Akamwita mjukuu wake, akamwagiza aandike kwa chaki juu ya mlango wa ndani: VIOO VISIOSHWE. Ameniahidi pia kwamba jagi na beseni la kunawia la kauri vinakuja kutoka Korogwe. Nitapita Ijumaa baada ya swala.