Kozi ya cheti cha utunzaji wa viwanja vya gofu: nyota tatu kati ya tano

Kozi ni ya mwaka mmoja, nusu darasani, nusu uwanjani. Kabla ya kujiunga nilikuwa kibarua wa msimu: kusawazisha kwa reki mchanga wa mabanka (mashimo ya mchanga yanayotega mipira) na kufuta umande kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, kabla wachezaji hawajafika. Sikuingia bila uzoefu, na wenzangu waliotoka moja kwa moja shuleni huenda wakaniona mkali katika tathmini hii.

Somo la udongo na maji peke yake linastahili ada. Siku ya kwanza mwalimu alituletea kipande cha udongo kilichochotwa kwenye grini, akakilaza mezani. Juu nyasi fupi kama zulia. Chini yake tabaka la mabaki ya nyasi yasiyooza vizuri, nene kama kidole gumba, laini kama sponji iliyolowa. Mizizi ilikuwa imekomea humo humo. Akauliza: kwa nini grini hii inanyauka saa saba mchana ilhali kila jioni inamwagiliwa? Kimya. Kumbe maji yote yanaishia kwenye sponji ile, na mizizi haina sababu ya kwenda chini. Ndipo nikaelewa kwa nini tunatoboa matundu na kumwaga mchanga, kazi niliyokuwa naifanya kama adhabu huku wachezaji wakinung'unika. Na si mambo ya jana: Old Tom Morris, mtunza uwanja maarufu wa Uskoti, alikuwa akimwaga mchanga kwenye grini za St Andrews huko huko Uskoti tangu karne ya 19.

Hesabu za kunyunyizia dawa nazo zilifundishwa kwa vitendo. Chombo chini ya kila nozeli (ncha inayotoa dawa), dakika moja, kisha unapima. Nozeli inayotoa asilimia 10 zaidi ya kiwango chake inatupwa.

Kwenye mashine waliniangusha. Mashine moja ya silinda, ile ya kukatia nyasi kwa visu vinavyozunguka, wanafunzi 19, na slaidi nyingi mno. Kupima makali nilifundishwa na fundi wa kule nilikokuwa kibarua: zima injini, vaa glavu, pitisha ukanda wa karatasi kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha taratibu kwa mkono. Ikikata karatasi kama mkasi, uko sawa. Ikiikunja tu, kesho nyasi zitachanika na ncha zake zitageuka nyeupe. Grini inakatwa kwenye milimita 3 hivi. Hapo nusu milimita si kitu kidogo.

Mazoezi ya kazini ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Tuliahidiwa kuzungushwa kila kitengo. Katika wiki 12, kumi nilishika reki. Kuhamisha shimo la mpira kwenye grini nilipewa mara mbili tu. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, na kizibo cha nyasi unachorudishia shimo la zamani lazima kilingane na uso wa grini: kikichomoza mashine inakinyoa, kikizama mpira unayumba. Changu cha kwanza kilizama. Nilikiinua na kukijazia mchanga chini huku kundi la kwanza la wachezaji likinisubiri.

Kuhusu ajira, cheti hiki kinakutoa kwenye reki na kukufikisha kwenye mashine na pampu ya dawa. Usimamizi wa uwanja ni habari nyingine: bajeti, kuajiri, kujibu kamati ya klabu. Kozi iliyapa hayo alasiri moja. Anayelenga huko atafute programu ndefu, kama ile ya miaka miwili ya Penn State, Marekani, au uanagenzi wa mtindo wa Uingereza, ambako klabu inakuajiri na kukulipa huku ukisoma. Ningekuwa naanza leo, ningekimbilia uanagenzi bila kufikiri mara mbili.

Ukiamua kujiunga na kozi ya aina hii, kabla ya kulipa uliza wana mashine ngapi za silinda. Kisha nenda klabu wanayopeleka wanafunzi, ufike saa kumi na mbili asubuhi, uone mwanafunzi wa mazoezi ameshika nini mkononi.