Tahadhari kwa mafundi wa flai Nairobi: muuza cheni ya vigololi na shanga za "tangsteni"

Kama unafunga flai, yaani chambo bandia cha kuvulia samaki kinachoiga mdudu, hapa Nairobi na kuna kijana amekutafuta kwa WhatsApp akikuuzia cheni ya vigololi, shanga za tangsteni (metali nzito ya kuzamisha flai) na ndoano kwa bei ya kutupa, soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Mimi nimeshaliwa 11,400, na oda ya watu imeniharibikia mkononi. Jina lake silitaji, maana leo ana hili na kesho ana lingine. Ninachotaka mjue ni mtego wenyewe.

Nimefunga flai tangu 1998, kwanza kwenye karakana ya watu, sasa nyumbani Kariobangi South na wasichana wawili wanaonisaidia. Mwezi wa pili tulipata oda ya dazeni 30 za nimfu za viungo, zinazoiga tunutu wa kereng'ende. Kwa ambaye hajawahi kuziona: mbele kuna kipande cha shina la ndoano iliyokatwa, nyuma kuna ndoano yenyewe, na katikati vigololi vitatu vya cheni ile ile inayoshikilia kizibo cha sinki. Kigololi kina uwazi ndani, na kinaungwa na mwenzake kwa kijipini chenye kichwa huku na huku, kwa hiyo cheni inapinda upande wowote. Ukivuta kamba kidogo tu majini, mkia unakata mauno. Nimewahi kusimama kando ya mto Ragati nikaona trauti akiacha kivuli cha jiwe lake kuifuata.

Lakini ndoano ikiwa nyuma, samaki akishanasa nguvu yake yote inabebwa na kile kijipini. Cheni ikiwa mbovu, anakwenda na mkia na ndoano, mvuvi anabaki na kichwa. Kuna mafundi wanaopitisha uzi mgumu wa akiba kutoka shina la mbele hadi la nyuma. Mimi sikufanya hivyo, nilitaka kiungo kiwe laini. Hilo ni kosa langu na silifichi.

Basi huyu kijana alianza kwa kuniletea sampuli bure, kwa bodaboda hadi mlangoni. Futi moja ya cheni ya milimita 2.4, chuma kisichoshika kutu, na shanga kumi nyeusi. Mzigo safi kabisa, nilivuta kwa koleo ikakaa imara. Mimi ambaye kazi yangu ni kutengeneza chambo nikakimeza chake chote.

Wiki iliyofuata simu ikaingia. "Mama, mzigo umefika lakini kuna mteja anautaka wote. Tuma leo nikuwekee." Nikaingiza nambari, M-Pesa ikanionyesha jina la mwanamke. Nikamuuliza. "Huyo ni dada yangu, laini yangu ina shida." Nikatuma! Hakuwa na till, hakuwa na risiti, na duka lake lilikuwa "hapo tu Grogan", bila jengo wala mlango. (Huyo Grogan ambaye watu bado wanaiita Kirinyaga Road kwa jina lake ndiye anayetajwa kuleta trauti kwenye mto Gura mwaka 1905. Siku hizi pale ni spea za magari.)

Mzigo ulikuja umefungwa vizuri. Juu ya bahasha kulikuwa na futi mbili za cheni nzuri, kama ile ya sampuli, na chini yake ndiyo takataka. Kwa hiyo ukifungua ukaangalia harakaharaka, unaridhika. Tulikuwa tumeshafunga dazeni tisa msichana mmoja aliponiita: "Mama, hii inakatika kama biskuti."

Nikachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Cheni iliruka ikaing'ang'ania. Jueni kwamba hata chuma kisichoshika kutu kinaweza kuvutwa kidogo baada ya kukunjwa kiwandani, hiyo si hoja; lakini kikiruka namna ile, ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro. Usiku tukaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya chumvi, pamoja na kipande cha sampuli kwenye glasi ya pili. Asubuhi glasi moja ilikuwa maji, nyingine chai.

Kisha tukafunga chupa ya soda ya lita mbili iliyojaa maji, yaani kilo mbili, tukaining'iniza kwenye ndoano za nimfu tulizokwisha kumaliza. Kati ya sita, nne zilidondosha chupa. Kijipini kinachomoka tu kwenye tundu, hakihitaji hata kuvunjika. Ile ya cheni ya sampuli ilibeba chupa hadi tukachoka kungoja.

Kwa shanga, sumaku haitakusaidia, kwa sababu alizouza ni za brasi na brasi haivutwi. Zinataka mizani. Tangsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, brasi ni kama 8.5, kwa hiyo shanga za ukubwa mmoja haziwezi kukaribiana uzito. Nilipima kumi za sampuli dhidi ya kumi za mzigo kwa mizani ya sonara jirani: za mzigo hazikufika hata nusu. Nikakwaruza moja kwa kisu, chini ya rangi nyeusi ikatoka njano. Nazo ndoano, pakiti ina nembo ya kampuni inayojulikana, lakini ukiibana kwenye vaisi na kuivuta inanyooka kama waya wa kuanikia nguo.

Nilipompigia, simu iliita mara moja, halafu akanifungia. Nikapeleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456, nambari ya kuomba pesa zirudishwe, siku hiyo hiyo, nikajibiwa kwamba pesa zilishatolewa. Nimeandikisha polisi, nambari ya OB ninayo, na nimempigia mteja kumwambia ukweli kwamba dazeni tisa hazitoki. Alinyamaza kidogo, akasema atangoja.

Kama umeshanunua kwake, tafadhali usiuze ulichofunga kabla ya kuning'iniza chupa. Pima mzigo wa chini ya bahasha, si wa juu. Mimi sasa nanunua cheni kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na sumaku iko kwenye mkoba. Muuzaji alinicheka mara ya kwanza, sasa ananisogezea kaunta mwenyewe.

Na jambo moja la mwisho. Wakati ule wa sampuli aliniomba picha za kazi yangu "aone ubora", nikamtumia. Jana mama mmoja wa Githurai amenionyesha tangazo lake jipya: nimfu ni zangu, vaisi ni yangu, na pembeni kuna kikombe cha bati cha bluu kilichobambuka mdomoni. Ukiiona picha yenye kikombe hicho, hiyo ni meza yangu, na mimi siuzi cheni.