Wolverine MovieMaker Pro kwa mikanda ya milimita 8: inafaa, ila kasi yake irekebishwe

Mwenye mikanda ya filamu ya milimita 8 iliyoachwa na wazee hapa Mwanza ana njia tatu: kuwasha projekta na kurekodi ukutani kwa simu, kuituma mikanda nje ya nchi, au kununua mashine ndogo inayopiga picha ya kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, peke yake. Wolverine MovieMaker Pro ni ya njia hii ya tatu, na kwa mikanda mingi ya nyumbani inatosha. Masharti ni mawili: mkanda uandaliwe kabla, na kasi ya video irekebishwe baada.

Njia ya ukutani tuimalize mapema. Projekta hukata mwanga mara kadhaa kwa kila fremu, na kamera ya simu ina mdundo wake. Midundo hiyo isipolingana, picha inapepesa mwanzo hadi mwisho, katikati inaungua na pembeni giza. Kurekebisha hayo kwenye kompyuta ni kazi kubwa kuliko kuchukua upya.

Mashine hii inapokea milimita 8 ya zamani na Super 8, aina ya milimita 8 iliyokuja baadaye, kwenye rili za hadi inchi 9, na inatoa MP4 ya 1440 kwa 1080 kwenye kadi ya SD isiyozidi GB 32. Inapita takriban fremu mbili kwa sekunde. Rili ndogo ya Super 8 ya futi 50 ina fremu 3,600, kwa hiyo inachukua nusu saa. Rili ya futi 400 inakula saa nne nzima, na hapo ndipo kukatika kwa umeme kunapouma. Faili la MP4 kwa kawaida hukamilishwa mwishoni mwa kurekodi. Umeme ukikatika katikati, unaliona kwenye kadi lakini halifunguki. Weka UPS (betri ya akiba) ya kawaida ya kompyuta, maana mashine inatumia umeme kidogo sana, na kwenye rili kubwa simamisha kila baada ya saa moja ili uanze faili jipya.

Kabla ya lolote, nusa mkanda. Ukitoa harufu ya siki, asetati yake, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza, na joto na unyevu wa kandokando ya ziwa huharakisha hali hiyo. Utenge na mingine. Kisha tazama vitundu: vya Super 8 ni vidogo na viko katikati ya ubavu wa fremu, vya milimita 8 ya zamani ni vikubwa zaidi na viko mpakani kati ya fremu na fremu. Ukikosea kuchagua aina, picha itaruka tangu mwanzo.

Usafi ndio unaotenganisha kazi nzuri na mbovu. Pitisha mkanda taratibu kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa aikoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji, na maji hulainisha jelatini inayobeba picha. Mkanda wenye mstari wa sumaku wa sauti ujaribu kwanza kwenye kipande cha mwisho. Ukungu mkavu uondolewe nje ya chumba cha kazi, ukiwa umevaa barakoa. Maungio ya zamani yakiachia, yakate na uunge upya kwa tepu ya filamu. Selotepu ya ofisini huvuja gundi na kuukwamisha mkanda kwenye dirisha la mwanga, pale fremu inapopigwa picha. Ongeza mkanda mtupu wa mita moja mwanzoni, la sivyo sekunde za kwanza zitapotelea kwenye kupachika.

Kila rili ikiisha, puliza na upige brashi dirisha la mwanga. Unywele mmoja ukinasa hapo utaonekana kwenye fremu zote 3,600. Usiku, madirisha ya chumba yafungwe: wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa, na taa ya mashine ni mwaliko tosha.

Kwenye mipangilio, ukali wa picha uweke chini kabisa. Ukiuacha juu, chembechembe za filamu zinageuka mchanga na ukingo wa kila kitu unapata mstari mweupe. Mwangaza upunguze kidogo pale penye anga au maji yanayong'aa, maana weupe ukishaungua hauwezi kurudishwa. Picha ikitikisika juu na chini, legeza kwanza mkanda upande unaokusanya. Mara nyingi rili inavuta kwa nguvu kuliko ukucha unaosogeza fremu. Ikiendelea, mkanda umesinyaa na ukucha haufikii vitundu vyake. Usilazimishe.

Sasa kasi, udhaifu mkubwa wa mashine hii. Video yake yote inatoka kwa fremu 20 kwa sekunde. Super 8 ya nyumbani kwa kawaida ilipigwa kwa 18, na milimita 8 ya zamani kwa 16. Ukiicheza ilivyo, mtu anayetembea anaonekana ana haraka, hasa kwenye mkanda wa fremu 16 kwa sekunde ambao unakwenda kwa kasi ya robo zaidi. Dawa haihitaji kubana picha upya. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, andika:

ffmpeg -itsscale 1.25 -i mkanda.mp4 -c copy mkanda16.mp4

Kwa Super 8, namba iwe 1.111. Kisha ingiza kwenye programu ya kuhariri, na uzime uchanganyaji wa fremu; ukiwashwa, mikono inayopungwa inaota vivuli. Umbo la picha ni nne kwa tatu, liache hivyo. Kulivuta lijaze televisheni ya kisasa kunawanenepesha watu, na kulikata kunaondoa vichwa. Faili asili litunze bila kuguswa, kwani MP4 hii imeshabanwa vya kutosha: kwenye vivuli vizito hakuna cha kuinua, na kila ukiihifadhi upya miraba inaongezeka.

Haisomi sauti. Kwa mkanda wa Super 8 wenye sauti, au uliosinyaa, lipia skana ya kitaalamu inayosukuma mkanda kwa rola bila kutegemea vitundu. Kwa rili mbili tatu tu, kuinunua mashine hakuna maana. Ila familia au parokia yenye sanduku zima itafaidika nayo, na bajeti ihesabu pia kifaa cha kuungia, tepu yake, aikoholi na diski mbili za kuhifadhia nakala.