TAHADHARI: "Matembezi na misosi Mji Mkongwe, kila kitu ndani". Tumepigwa Forodhani

Wapendwa, naandika haya hasira bado haijashuka, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Kuna watu mtandaoni wanauza matembezi ya jioni Mji Mkongwe, Zanzibar. Mnazungushwa vichochoroni, mnaoneshwa majengo ya kale, halafu mnamalizia Forodhani kwa kula. Biashara yenyewe ni halali na wapo wanaoifanya vizuri sana. Hawa wetu ni matapeli. Jina la ukurasa wao silitaji kwa sababu ndani ya wiki 3 tangu watutapeli wamelibadilisha mara 2, picha zilezile, namba mpya. Ukikariri jina watakupita mlangoni. Kariri wanavyofanya kazi.

Sisi tunatoka Morogoro. Tulikuwa watu 5: mimi, mume wangu, watoto wetu 2, na mama mkwe, ambaye kafundisha historia shule ya msingi mpaka akastaafu na hajawahi kukanyaga Unguja. Safari ilikuwa kwa ajili yake. Tangazo lilisema elfu 60 mtu mzima, watoto nusu bei, na kila kitu ndani: viingilio ndani, chakula ndani, wa kututembeza ndani. Jumla laki 2 na elfu 40. Wakataka nusu kwanza "kushikilia nafasi", maana zimebaki 2 tu. (Sisi watu 5, nafasi zimebaki 2, na zikatutosha. Hapo tu ningeshtuka.)

Nikaomba lipa namba. Nikajibiwa lipa namba ina makato, nitume kwenye namba ya kawaida. Jina lililotokea ni la mwanamke, halifanani na chochote kwenye ukurasa. Nikauliza, nikaambiwa huyo ni mhasibu. Mhasibu! Nikabonyeza namba ya siri kama mtu aliyerogwa, laki na 20 ikaenda.

Na kulikuwa na dalili kubwa kuliko zote, imeandikwa kwenye tangazo lenyewe: "mtapanda mpaka ghorofa ya juu ya Beit al-Ajaib". Jumba hilo, Jumba la Maajabu, alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa limefungwa kwa matengenezo, watu wakafa. Mtu anayekuuzia kupanda humo ama hajafika pale siku nyingi ama anajua wewe ndiye hujafika. Mama mkwe angenishtua mapema, ila tangazo sikumwonesha, nilitaka iwe sapraizi.

Tukaambiwa saa 10 alasiri mbele ya Ngome Kongwe. Kijana akatokea saa 11 kasoro robo, wala si yule tuliyekuwa tunaandikiana naye. Mchangamfu kweli, maneno matamu, shikamoo kwa mama mkwe mpaka magoti yakapinda. Shingoni ana kitambulisho, lakini kimegeukia kifuani muda wote. Kabla hatujapiga hatua 10 akaomba nusu iliyobaki, "nikawahi kulipia viingilio kabla hawajafunga". Mume wangu akahesabu laki na 20 nyingine, akampa mkononi. Hapo tukawa tumemaliza kumlipa mtu ambaye hajatuonesha hata mlango.

Ziara ikaanza. Akaelekeza kidole kwenye Ngome akasema imejengwa na Wareno. Mama mkwe akasimama. "Mwanangu, Wareno ndio waliofukuzwa. Ngome hii wamejenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa." Kijana akacheka, "Bibi, sisi huku ndivyo tunavyosema." Bibi hakucheka.

Mkunazini ndiko mambo yalikoanza kunichefua. Lile kanisa la Anglikana limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Ni mahali mtu anaingia kwa adabu. Kijana akatufikisha getini akasema, "Ingieni, mie nawasubiri hapa," na dirishani tukadaiwa kiingilio. Kumgeukia, anaongea na simu, katupa mgongo. Tukalipa wenyewe kwa sababu mama mkwe alishaanza kuingia, na kumrudisha mzee mlangoni kwa ajili ya hela tuliona aibu. Aibu ndiyo mtaji wao, nimekuja kuligundua hilo baadaye. Kila hatua wanakuweka mahali ambapo kubisha kutakuaibisha mbele ya mtu unayemheshimu.

Beit al-Ajaib? "Leo wamefunga, bahati mbaya." Leo!

Badala yake tukapelekwa kwenye duka la viungo, kichochoro ambacho peke yangu siwezi kukipata tena. Mume wangu akanunulishwa, naam, akanunulishwa, maana akili ilikuwa si yake: mdalasini, iliki, na kijipakiti cha "zafarani ya Kizimbani". Jumla elfu 45. Zafarani hailimwi Unguja jamani. Mashamba ya viungo Kizimbani yapo kweli, na karafuu na vanila utaviona kwenye mimea yake, lakini zafarani hapana. Kesho yake sokoni Darajani mdalasini uleule na iliki ileile tuliuziwa chini ya theluthi ya bei.

Sasa Forodhani. Jua limezama, taa zimewashwa, wauzaji na kofia zao ndefu nyeupe, moshi wa mkaa, watoto wanarukaruka. Kila tulipotaka kusimama kwenye meza yoyote kijana alimshika mume wangu mkono: "Kaka, hao samaki wa juzi." Akatupeleka moja kwa moja kwenye meza moja ya pembeni. Muuzaji hakuuliza tunataka nini. Alikuwa anapakia tu: pweza, ngisi, changu, kamba, mishkaki, sahani juu ya sahani, "onjeni hiki, onjeni na hiki". Watoto wakaletewa Zanzibar pizza ya ndizi na chokoleti, sote glasi za miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Nilimuuliza kijana mara 2, "Hivi vyote ni ndani?" Akajibu mara 2, "Dada, wewe kula." Tazameni jibu hilo. Hakusema ndiyo. Akatupiga picha nyingi kwa simu yake, hasa mama mkwe akiwa ameshika kijiti cha pweza. Halafu ikaadhiniwa Isha, akasema anaenda kuswali mara moja.

Isha ikaswaliwa, watu wakatoka msikitini, wakapita mbele yetu, wakanunua na miwa. Yeye hakutoka. Simu yake haipatikani.

Muuzaji akaleta kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino. Vijiti 27 kwa elfu 5, laki na 35. Kambakoche 2, elfu 60. Pizza 2, elfu 14. Miwa 5, elfu 10. Laki 2 na elfu 19. Kambakoche wenyewe tulidhani ni kamba wa kawaida waliokatwakatwa.

Mume wangu akaanza kupandisha sauti, vijana wawili watatu wakasogea. Mama mkwe akamwambia kaa chini. Akavuta sahani, akaanza kuvipanga vijiti mezani kimoja kimoja kama anahesabia darasa la kwanza. Vilivyoliwa huku, ambavyo havijaguswa huku. Vikatoka 8 vizima, vimepoa, pweza amekakamaa. "Hivi rudisha, hatukuviagiza wala hatukuvila." Mzee mmoja aliyekuwa na birika lake la kahawa akaja akasimama katikati, akamwambia muuzaji taratibu, "Yakhe, hawa wenzetu, na wana mzee wao. Sema bei ya kweli." Muuzaji akatazama chini. Ndipo likatoka: mtu akija mwenyewe kijiti ni elfu 3, akiletwa ni elfu 5, na hizo elfu 2 ni za aliyemleta, anapitia baadaye. Kijana alishamwambia sisi tutajilipia.

Kwa hiyo laki 2 na 40 zetu hazikununua hata kijiti kimoja, na juu yake kila tulichotafuna kilikuwa kinamlipa tena.

Tukamalizana kwa laki na 10. Mzee wa kahawa akatumiminia vikombe akakataa hela. Ndiye aliyetuambia kwamba wenyeji watu hao wanawaita papasi, yule mdudu anayenyonya damu umelala, na kwamba mwenye kazi halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na hakifichi.

Sitaki mtu asome hapa aikatae Forodhani. Usiku uliofuata tulirudi wenyewe, tukauliza bei kabla kitu hakijagusa jiko, tukala tukashiba tukacheka. Na mchana wake tulikula urojo karibu na Darajani, bakuli elfu 3: mchuzi wa njano wenye ukakasi wa ndimu, kachori, bajia, viazi, muhogo wa kukaanga juu, chatini ya nazi. Mama mkwe aliomba la pili.

Kama bado unataka wa kukutembeza, na kwa mara ya kwanza nakushauri uwe naye, kwa sababu vichochoro vile vinapoteza, muulize kwanza kwenye simu: Beit al-Ajaib tutaingia? Akikwambia ndiyo bila kusita wakati bado limefungwa, achana naye. Mwambie akutumie picha ya kitambulisho chake, na mkikutana kisome. "Kila kitu ndani" muulize nani anamlipa muuzaji wa chakula, lini, na vijiti vingapi kwa kila mtu, kwa maandishi. Mpe kidogo mwanzo, kikubwa mkiagana. Akiondoka katikati ya chakula, kwa swala au kwa chenji, simamisha kuagiza palepale.

Ile namba ya "mhasibu" niliituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na mtandao niliwapigia. Pesa ilishatolewa ndani ya dakika chache tangu niitume.

Jana usiku shemeji yangu kanitumia kiungo cha ukurasa "mzuri wa matembezi Zanzibar", jina jipya kabisa. Picha ya kwanza juu ni bibi wa kitenge cha bluu, ameshika kijiti cha pweza, anatabasamu. Chini wameandika: "Wateja wetu wana furaha." Mkimwona bibi huyo, ni mama mkwe wangu, na ukurasa ni wao.