Mashine za kusafisha hewa chumbani: lipia chujio na feni, taa ya kuua bakteria iache

Matangazo ya mashine hizi husifu vitu viwili: chujio la HEPA, yaani lile la kunasa chembe ndogo sana, na taa ya miale ya urujuanimno (UV) ya kuua bakteria. Chujio linastahili bei yake. Taa haistahili, ikiwa shida yako ni mapafu.

Chembe za moshi na vumbi zenye upana wa mikromita 2.5 au pungufu hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Mara nyingi huwa zimebeba endotoksini, yaani vipande vyenye sumu vya ukuta wa nje wa bakteria wa kundi la Gram-hasi. Seli za ulinzi huvitambua kwa kipokezi TLR4, hutoa saitokini (kemikali za kuamsha uvimbe) kama IL-6 na TNF, kisha seli nyeupe humiminika mapafuni. Njia za hewa huvimba, makohozi huongezeka, na mwenye pumu hubanwa. Chembe na sumu zikiingia pamoja, uvimbe unaweza kuzidi ule ambao kila kimoja kingeuleta peke yake.

Tena endotoksini haimtegemei bakteria aliye hai. Akifa na kupasuka ndipo huiachia kwa wingi. Maabara huiharibu kwenye vyombo vya kioo kwa joto kavu la nyuzi 250 za Selsiasi kwa dakika 30. Taa ndogo inayopitiwa na hewa kwa muda mfupi sana itaua baadhi ya bakteria na kuiacha sumu yao.

Chujio hunasa vyote, hai na vilivyokufa. HEPA halisi huzuia angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na daraja la H13 ni zuri sana. Maneno "aina ya HEPA" hayaahidi kiwango chochote. Kagua pia mpira unaozunguka chujio: ukilegea, hewa hupita pembeni bila kuchujwa.

Kwenye feni ndipo wanunuzi wengi hukosea. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita 30 za ujazo. Ili hewa yake isafishwe mara 5 kwa saa, unahitaji CADR (kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa) ya mita za ujazo 150 kwa saa, tena kwenye kasi unayoweza kulala nayo. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida ni ya kasi ya juu kabisa, yenye kelele.

Chujio la awali, lile linalonasa vumbi kubwa kabla ya HEPA, lifyonzwe vumbi kila baada ya wiki 2 hadi 4. La HEPA usilioshe kama mtengenezaji hajaruhusu: maji huharibu nyuzi zake, na likibaki na unyevu huotesha bakteria na kuvu. Unapolibadilisha, zima mashine, vaa barakoa ya N95, litie kwenye mfuko na ufunge papo hapo. Kitoa ioni, yaani sehemu inayotia hewa chaji ya umeme, kizime kama mashine inacho, kwani kinaweza kuzalisha ozoni, nayo huwasha mapafu yale yale.

Kihisi cha vumbi usikiachie uamuzi wote. Mvuke hukidanganya, na endotoksini hakiioni kabisa, hivyo iache feni kwenye kasi ya kati mfululizo badala ya kuiweka kwenye hali ya kujiendesha.