Foili Chini ya Bati: Ipi Inunuliwe Kwanza na Mwenye Nyumba wa Tanga

Bati lililoanza kushika kutu, likipigwa na jua la Januari hapa Tanga, huweza kupita nyuzi 60 za selsiasi ifikapo saa nane mchana, na aliyejilaza chini yake bila dari huhisi joto likimshukia utosini ingawa madirisha yote yako wazi. Ndiyo maana foili, yaani karatasi za kung'aa za alumini zinazouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi zina wateja wengi, na ndiyo maana wauzaji huzisifu kupita kiasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa dukani kwamba nikishaifunga foili ile nitasahau feni. Feni bado ninayo, na kila usiku wa kaskazi inazunguka.

Hata hivyo, foili si ulaghai. Huko Uingereza karatasi ya namna hiyo hubandikwa nyuma ya vipasha joto vya ukutani ili joto lirudi chumbani badala ya kupotelea nje. Faida yake huko ni ndogo, na huonekana hasa pale ambapo kipasha joto kimefungwa kwenye ukuta wa nje usio na kizuia joto. Ukuta wa ndani hauachi cha kuokoa. Sababu ya faida hiyo kuwa ndogo ni kwamba kipasha joto hicho hutoa sehemu kubwa ya joto lake kwa kuipasha hewa inayopanda, nayo foili haina uwezo juu ya hewa. Chini ya bati mambo hugeuka. Hewa ya moto haishuki, kwa hiyo joto linalotufikia kutoka juu huja zaidi kwa mnururisho, kama lile la makaa unalolihisi usoni ukikaa karibu na jiko, na hilo ndilo ambalo alumini safi hulirudisha kwa takriban asilimia 95. Karatasi ileile basi ina kazi kubwa zaidi juu ya vichwa vyetu kuliko nyuma ya vipasha joto vyao.

Kwa anayejenga au anayebadilisha bati, naiweka nafasi ya kwanza foili iliyogandishwa juu ya kitambaa cha plastiki kilichofumwa. Zamani karatasi za ujenzi za aina hii ziliimarishwa kwa nyuzi za mkonge, jambo ambalo mtu wa Tanga ana haki ya kulitabasamia. Kabla ya kulipa, ivute kwa mikono miwili. Ikichanika kirahisi, upepo utaimaliza kabla ya fundi kushuka ngazi. Ikiwezekana, chukua inayong'aa pande zote mbili. Kama inang'aa upande mmoja tu, upande huo utazame chini, kwa kuwa vumbi hutua juu, na uso wa alumini uliofunikwa vumbi hupoteza uwezo wake. Wengi hudhani lazima uso wa kung'aa ulitazame bati. Si lazima, maana alumini ina tabia mbili: hurudisha joto linaloijia, na yenyewe huwa nzito kulitoa.

Sharti lisilokwepeka ni nafasi ya hewa ya angalau sentimita mbili na nusu upande unaong'aa. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao za dari ni chuma kilichogusana na moto, basi, na hela yako imekwenda bure. Mwambie fundi ailegeze kidogo kati ya papi na papi. Mwambie pia azime umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupanda, hasa katika nyumba ya zamani ambayo nyaya zake zimepita darini: Australia, katika mpango wa serikali wa mwaka 2009 na 2010, vijana waliokuwa wakifunga foili walikufa baada ya pini za chuma kutoboa waya, kwa kuwa foili nzima hushika umeme.

Nafasi ya pili ni rangi nyeupe ya paa, na kwa mwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa ningeipandisha ya kwanza, kwani haihitaji kung'oa kitu. Nyeupe mpya hurudisha kiasi cha asilimia 80 ya nguvu ya jua kabla bati halijapata moto. Kasoro yake ni uchakavu: vumbi, ukungu na hewa ya chumvi, hasa kwa walio Raskazone, huipunguza mwaka hata mwaka, hivyo paa litahitaji kuoshwa na hatimaye kupakwa tena. Kutu ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanywe nje ya masika. Usidanganyike kutumia chokaa mbichi kwa kuwa ni rahisi; hula zinki na alumini ya bati. Anayekinga maji ya mvua aulize kama rangi hiyo inafaa kwa maji ya kunywa.

Zilizobaki nitazipitia kwa ufupi. Foili yenye mapovu ya plastiki hufanya kazi, lakini unalipia unene ambao haukuongezei mengi, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na ule uso wa nje. Dari ya jipsamu peke yake husaidia, mradi kuta za pembeni za paa ziachiwe matundu ya kutoa hewa. Foili ya jikoni iache jikoni.

Sasa hesabu ya fedha. Feni ya wati 70 ikizunguka kwa saa kumi hula uniti 0.7 tu, kwa hiyo mwenye feni hatairudisha bei ya foili kupitia LUKU, hata aisubiri miaka mingi. Anachokinunua ni usingizi wa mchana na mtoto asiyetoka vipele vya joto. Mwenye kiyoyozi cha kilowati moja kinachofanya kazi kwa saa nane anaweza kutumia hadi uniti nane kwa siku, na huyo ndiye atakayeona tofauti kwenye mita. Aanze na chumba kimoja chenye kiyoyozi, anunue mita za kutosha eneo hilo pamoja na sentimita 15 za kupandishiana kwenye maungio, kisha asome mita kwa wiki mbili za jua kali kabla ya kuagiza ya nyumba nzima.