DVD, Blu-ray au 4K kwa maktaba? Uzoefu wangu

Mimi ni mkutubi, rafu za filamu ndo ziko chini yangu, hizi diski zote tatu nazishika kila siku, na jibu langu ni hili: DVD kwanza, Blu-ray (yenye picha kali zaidi ya DVD) kwa kuchagua, 4K (kali kuliko zote) tulieni kidogo.

DVD iko sokoni tangu 1996 na karibu kila deki inaicheza, hata ya Blu-ray, hata ya 4K, ila kinyume chake hamna. Mpe Blu-ray mtu mwenye deki ya DVD uone, kesho yake anairudisha anakwambia mbovu hii, wakati diski nzima kabisa.

Sasa wengi wanaangalia picha tu, mikwaruzo hawaiwazi, na diski ya maktaba inapita kwa kila mtu jamani, wengine wanaiachia mtoto aichezee sakafuni. Kwenye DVD data iko katikati ya plastiki, kama milimita 0.6 ndani, kwa hiyo ikipata mkwaruzo wa juujuu unaipitisha kwenye mashine ya kung'arishia na inarudi kazini. Blu-ray data yake iko milimita 0.1 tu kutoka juu, ndo maana wameipaka utando mgumu, na kweli haikwaruziki ovyo, hapo naipa maksi zake, lakini ikipata mkwaruzo wa kuzama basi tena, ukisema uisage unaufuta ule utando na unaenda kuigusa data yenyewe. Katuni za watoto mi nanunua DVD tu, sibishani na mtu.

Blu-ray naiweka kwa makala za wanyama na filamu zenye picha kali, ile picha yake ya mistari 1080 kwenye tv kubwa unaiona kabisa, na inabeba GB 25 hadi 50 wakati DVD mwisho wake wa kawaida ni 8.5. 4K imeingia 2016, tamu kweli, ila deki ya kawaida ya Blu-ray haiisomi, sasa mnamwazima nani?

Zile pakiti zenye Blu-ray na DVD pamoja zichukueni mkizikuta, halafu kila diski muipe kasha lake na namba yake, moja tu ikipotea nyingine inabaki. Na kabla ya oda angalieni alama ya kanda nyuma ya kasha, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa kuchezwa, Blu-ray zina A, B na C, DVD zina tarakimu, ikitofautiana na deki za watu wenu hiyo diski itakaa rafuni tu.